Dakika Arobaini za Majokofu

Mshauri nasaha alinieleza utaratibu kabla sijaketi vizuri: tungezungumza dakika hamsini, na siri zangu zingebaki humo chumbani.

"Na dawa je, dada?" niliuliza.

"Leo sitengenezi kitu, mzee wangu. Nasikiliza kwanza."

Nilicheka. Nikamwambia kwamba hata mimi, fundi wa majokofu kwa miaka thelathini, sifungui skrubu kabla ya kutega sikio nisikie mota inalalamikia nini. Nikanogewa. Nilieleza habari za gesi, mabomba na wateja wasumbufu, naye akaitikia kwa kichwa bila kunikatiza.

"Zimebaki dakika kumi," alisema kwa upole. "Na jambo lililokuleta?"

Hatimaye nikamweleza. Kila mara binti yangu aliponipigia simu kunieleza shida za ndoa yake, nilimkatiza: vumilia, omba radhi, rudi kwa mumeo. Mara ya mwisho alisema, "Baba, friji za watu unazisikiliza. Mimi je?" Akakata simu. Huu ni mwaka wa pili hapokei simu zangu.

Mshauri hakunikatiza hata hapo, na ndipo nilipojua nilichomnyima mwanangu.