Seli Zilizokataa Kuchagua

Pale maabara walimwita Bi Rangi, na hakuwahi kulichukia jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuzipa seli rangi, kisha kusubiri aone uzao wake umeishia wapi. Miaka minne alikuwa akifuatilia jambo moja tu: jinsi tezi ya maziwa ya panya inavyoanza kama kifundo kidogo chini ya ngozi ya kijusi, hata ije kuwa matawi ya vijifereji vya maziwa.

Kila kijifereji kina kuta mbili za seli. Seli za ukuta wa ndani hutengeneza maziwa. Za ukuta wa nje hubana, kama mkono unaokamua, ili maziwa yatoke. Zote mbili huzaliwa na seli shina zilezile, ambazo mwanzoni huweza kuwa hili au lile. Alichotaka kujua Bi Rangi ni siku gani seli shina hukata shauri, kwamba mimi ni wa ndani au mimi ni wa nje, na baada ya hapo hairudi nyuma. Wifi yake alipomuuliza kwa nini mtu mzima na akili zake ashinde anachungulia matiti ya panya, alimjibu kwamba shangazi yake aliyemlea alikufa kwa saratani ya titi. Saratani, alisema, ni kama seli iliyosahau kazi yake; yeye anatafuta namna ilivyoijua kwanza.

Na jibu alidhani amelipata. Alimchoma panya mwenye mimba sindano ya dawa siku ya kumi na tano ya mimba, dawa ikawasha rangi ya kijani katika seli chache za vijusi tumboni. Seli iliyowashwa huwarithisha watoto wake rangi, na wajukuu, na vitukuu. Vijusi vile vilipozaliwa na kukua, kila familia ya kijani ilikuwa upande mmoja tu wa ukuta. Maana yake, siku ya kumi na tano seli zilikuwa zimekwisha kuchagua. Aliandika makala, akaipeleka kwenye jarida. Wahakiki wakaisifu, ila wakataka arudie jaribio kwa kundi jipya la panya. Bi Rangi alirudia kifua mbele, kama mtu aliyeombwa ahesabu tena vidole vyake.

Jumatatu moja akaketi kwenye hadubini na vioo vyenye vipande vyembamba vya tezi za kundi jipya, panya majike tisa. Kioo cha kwanza, familia ya kijani ilikuwa ndani na nje pia. Alidhani ni uchafu, akafuta lenzi. Kioo cha pili, vilevile. Alipomaliza, panya saba kati ya tisa walikuwa na familia zilizokaa kuta zote mbili, kana kwamba seli zile zilikataa kuchagua. Wawili tu ndio walikuwa safi. Akakata vipande vipya, akapaka upya, akaangalia tena Jumanne na Jumatano. Saba na wawili.

Hakumwambia mtu. Mwanafunzi wake wa uzamili alikuwa amejenga tasnifu nzima juu ya kazi ile, na kila alipopita mlangoni na kusalimia, Bi Rangi alijibu huku akiangalia pembeni. Shetani naye hakukosa la kumwambia: taja wale wawili safi, hao saba sema waliharibika, nani atajua?

Nyumbani, mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa utani mwingi, lakini Jumatano hiyo alimtazama mkewe akichota sukari na kuitia kwenye mchuzi, akaona si bure. Akamuuliza. Bi Rangi akamweleza yote, pamoja na lile la shetani. Mama mkwe alikuwa kitini, amefumba macho, wakadhani kalala.

"Mimi nikimrudishia mtu friji inayovuja gesi," alisema mume, "itaganda siku mbili. Ya tatu atakuja mlangoni kwangu na nyama imeoza. Bora nimwambie palepale sijaweza."

"Mficha uchi hazai," akasema mama mkwe, macho bado kayafumba. "Na huo mchuzi mimi sili."

Walicheka wote watatu. Bi Rangi alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea peke yake, na mumewe akamvutia kitambaa cha meza kwa kuwa hakuona kingine karibu.

Asubuhi alipiga moyo konde akaingia kwa Profesa, mkuu wa maabara, mtu wa maneno ya kupimwa. Aliweka vioo vyote tisa mezani, akaeleza bila kujitetea. Profesa aliviangalia kimoja kimoja, nusu saa nzima, na Bi Rangi akasimama wakati wote ingawa kiti kilikuwapo. Mwishowe aliuliza lililokosewa ni lipi, la zamani au la sasa. Bi Rangi akasema hajui. Profesa akamwambia basi waliandikie jarida leo hii kwamba makala isimamishwe mpaka wajue, na barua atie saini yeye Profesa kwanza. Bi Rangi alitoka mle ofisini. Alikuwa amepoteza makala, lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alivuta pumzi ikafika chini.

Kilichobaki kilikuwa kwenda kusimamisha uzalishaji wa panya. Nyumba ya wanyama ilisimamiwa na mama mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Vizimba. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti miezi michache nyuma, akakaa nyumbani wiki sita, na tangu arudi alikuwa akilalamika kwamba alikuta vitu vyake vimepanguliwa. Bi Rangi akamwambia asipandishe panya wengine, na sababu yake.

Mama Vizimba aliuliza kundi lenyewe ni lipi, akachechemea mpaka rafuni, akatoa daftari la uzazi, akavaa miwani. Kidole chake kikateremka, kikasimama.

"Hawa nilikuwa sipo," alisema. "Mama watatu. Huyu kajifungua siku ya ishirini, sawa. Lakini hawa wawili wamejifungua siku ya ishirini na mbili. Wote wawili."

"Walichelewa," akasema Bi Rangi.

"Miaka kumi na tisa niko humu. Panya wangu hawachelewi siku mbili."

Akamwita kwa simu yule mwenzake wa jengo la pili aliyemshikia kazi, akamuuliza taratibu, bila ukali, alivyozihesabu siku za mimba. Yule bwana akaeleza alichofanya: aliwaweka majike na dume siku ya Ijumaa, akaandika Ijumaa kwenye kadi ya kizimba, akarudi kazini Jumatatu. Mama Vizimba alifumba macho. Yeye huamka alfajiri akamkagua kila jike, akitafuta alama ya kupandwa, na mimba haianzi kuhesabiwa mpaka alama ionekane. Bila shaka jike mmoja alikuwa amepandwa Ijumaa ileile. Wawili walimkataa dume mpaka usiku wa Jumapili.

Bi Rangi alikwisha kuivuta orodha yake mfukoni. Wale panya wawili safi, mama yao alikuwa nani? Alikuwa yule aliyejifungua siku ya ishirini. Saba waliochanganyika walikuwa watoto wa wale wawili wengine. Alisoma mara tatu. Kadi zao zilisema siku ya kumi na tano alipowachoma mama zao. Kwa kweli ilikuwa ya kumi na tatu.

"Kwa hiyo hazikukataa kuchagua," alisema polepole.

"Umeziuliza kabla hazijajua," akasema Mama Vizimba, akafunga daftari.

Bi Rangi aliketi juu ya gunia la chakula cha panya. Lakini dhana si ushahidi, na alilijua hilo. Wakaanza upya. Mama Vizimba alikagua mwenyewe kila alfajiri. Nusu ya majike walichomwa siku ya kumi na tatu, nusu siku ya kumi na tano. Kisha wakasubiri vitoto vizaliwe, viachishwe ziwa, vikue. Karibu miezi mitatu ya kungoja, ambayo Bi Rangi aliimaliza kwa kupaka rangi kuta za jikoni kwake na kugombana na mama mkwe juu ya rangi yenyewe.

Siku ya kusoma vioo, Profesa alibandika karatasi juu ya namba zote ili Bi Rangi asijue anaangalia kundi gani. Bi Rangi alisoma, mwanafunzi akaandika. Saa sita mchana wakabandua karatasi. Wa siku ya kumi na tatu, familia nyingi zilikuwa kuta zote mbili. Wa siku ya kumi na tano, hata moja haikuvuka. Seli zilikuwa zikikata shauri ndani ya siku zile mbili, jambo ambalo makala ya kwanza haikuwa na njia ya kulionyesha.

Profesa aliinamia hadubini muda mrefu, kisha akasema hii sasa ni makala nzuri kuliko ile. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Mwanafunzi alitoka nje kumpigia mama yake simu. Bi Rangi naye akampigia mumewe, akamkuta juu ya paa la watu, ameshika bisibisi kwa meno. Alichosikia ni mguno mrefu wa furaha, na sauti ya kitu kikianguka.

Jarida liliipokea makala mpya mwaka uliofuata. Jina la Mama Vizimba lilikuwa miongoni mwa waandishi, na alidai aonyeshwe kabla halijachapwa, kwa sababu tangu shule ya msingi watu hulikosea herufi. Yule mwenzake wa jengo la pili alikuja kufundishwa ukaguzi wa alfajiri, wiki mbili mfululizo. Na Bi Rangi, jioni ile ya vioo, alifika nyumbani jua bado liko juu, akala sahani mbili, akajilaza kwenye kochi na viatu vyake miguuni, akalala fofofo. Hakuna aliyemwamsha.