Kidole cha Mukonyo

Mwaka huo wa 2005, watu wa utafiti walikuja kwa kliniki moja hapo Kitengela na kamashine kadogo kanatoshea kwa mkono. Walitaka kujua kama mgonjwa akijibu kwa karatasi, halafu ajibu kwa mashine, majibu yatafanana. Mwenye majibu yake yangeonyesha ako na hali mbaya angebebwa na gari yao siku hiyo hiyo hadi Kajiado, aonwe na daktari mkubwa.

Mwelu alitaka mamake aingie hiyo gari. Mama alikuwa na shida ya tumbo tangu mvua iishe na hakuambia mtu, lakini Mwelu alikuwa anamsikia kila asubuhi akishikilia ukuta ndio asimame.

Mama, jina lake Mukonyo, hakujua kusoma. Kwa hivyo Nashon, kijana wa utafiti, akamsomea karatasi pale kwa benchi, kwa sauti, wamama wa kanisa lao, wenye walikuwa wanangoja pia, wakisikiliza na kujifanya wanapiga stori. Unaumwa? Unalala vizuri? Mukonyo akajibu vile mtu hujibu salamu: niko sawa, niko sawa, Mungu ni mwema. Mmoja wao, Mama Nyakio, akacheka, akasema huyu hata tanki ya maji anaweza kubeba.

Kisha akapewa mashine. Nashon akamwonyesha: hii ni ya kuumwa, hii ni ya kulala. Kila swali lilikuwa na picha za nyuso, kutoka ile inacheka hadi ile inalia. Hapo hakuna mtu wa kusikia. Mwelu tu ndio aliona kidole cha mamake kikitembea polepole hadi kwa uso wa mwisho, kikabonyeza. Swali lingine, uso ule ule. Yote hivyo.

Nashon akalinganisha, akatabasamu.

"Wamama wazee hubonyeza vibaya," akaambia mwenzake. "Tuchukue ya karatasi."

Mwelu akasimama. "Hakubonyeza vibaya."

"Unasema?"

Wamama wa benchi wakageuka kuangalia. Mukonyo akamwangalia mtoto wake, akatingisha kichwa kidogo tu.

"Hakuna kitu," Mwelu akasema, akakaa.

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Gari ya Kajiado ikawapita, viti vya nyuma viko wazi, ikawaachia vumbi. Vumbi ilipotulia, Mukonyo alikuwa ameshika mlingoti wa stima kwa mikono yote miwili.

"Usiambie babako," akasema.

Mwelu akangoja aachilie. Hakuachilia.