Ndoo ya Nguzoni

Dada yangu Arvella alinipigia simu Jumamosi asubuhi, akasema twende bwawani tukavue samaki, trauti. Nilishtuka. Tangu barafu ya bwawa hilo la mlimani impasukie mumewe Thayne akazama mwaka jana, mwezi kama huu, hakuwa amekanyaga tena barafu ile, na hata kaburini kwake hakuwa amekwenda. Nilitafuta kisingizio nikakikosa. Mimi ndiye bawabu wa bwawa, ninayewafungulia maji wakulima wa bondeni. Ningemwambia nini, kwamba sijui njia?

"Ukichelewa naenda mwenyewe, Rulon," akasema. "Na kakao yote nainywa mimi."

Tulipofika alisimama kwenye nguzo iliyo juu ya mteremko, akainua macho. Kwetu kila mvuvi huitazama nguzo ile kabla ya kushuka. Lango la bwawa likifunguliwa majira ya baridi, maji hupungua na barafu ya kandokando hubaki ikining'inia, chini yake pana uwazi, na hapo unene wake si kitu. Basi bawabu hutundika ndoo nyekundu, kichwa chini. Ukiiona, unageuza gari unarudi nyumbani. Siku hiyo nguzo ilikuwa tupu.

"Hata mtoto wa chekechea anaijua ile ndoo," Arvella akasema. "Thayne kapita chini yake na kofia yake, anapiga mluzi. Mjinga yule."

Nilivuta sleji ya kuburutia vyombo vyetu thelujini, nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimeshakuzoea.

Tulikwenda mpaka penye kina. Nikatoboa matundu mawili kwa keekee, nikazoa vipande vya barafu kwa mwiko wenye matundu, tukakaa kwenye viti vya kukunja tukiupa upepo mgongo. Arvella akafungua kopo la mahindi matamu, akatia punje kadhaa za chambo shavuni ili zisigande. Ndivyo alivyokuwa akifanya Thayne. Maisha yake yote ya uvuvi yule bwana alizungumza kama mwenye jino bovu, na dada yangu alimcheka kwa hilo miaka thelathini na minne. Sidhani alijua kwamba sasa anafanya vilevile.

Alimpata trauti mmoja, mnene, mwenye mstari wa waridi ubavuni. Hakumfurahia. Alimlaza kwenye theluji, akaenda kwenye sleji, akarudi na mtaimbo wa Thayne, ule wa kupimia barafu. Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi nikadhani ameuchukua kwa tahadhari tu.

"Nilimnunulia mimi huu, mwaka tuliooana," akasema. "Kila akitoka naambiwa, usihofu mama, nina mtaimbo, nina macho. Nami nalala usingizi wangu. Kumbe muongo! Rulon, mimi kila nikiamka namtukana kwanza ndipo nasali. Nimechoka. Leo namrudishia chuma chake, halafu mimi na yeye basi."

Akausimamisha juu ya tundu lake.

Nilikuwa na mwaka mzima wa kusema. Siku ya mazishi nilikula viazi vya jibini vya msibani sahani mbili, watu wakinishika bega, wakinong'ona kwamba Thayne aliidharau ndoo, nami nikiitikia kwa kichwa. Kwa kichwa! Nilimpenda shemeji yangu. Na bado niliitikia.

"Usiutupe," nikasema. "Ndoo haikuwepo."

"Ndoo gani haikuwepo? Niliiona kwa macho yangu."

"Uliiona baadaye."

Nikamweleza. Mfugaji mmoja wa bondeni alikuwa amenisihi nimpe maji kidogo ya ng'ombe wake. Nikafungua lango Jumapili jioni, nikiwa na nia ya kulifunga Jumatano. Ndoo ilikuwa ndani ya gari langu. Upepo ulikuwa unachoma masikio, nikajiambia, nani atakuja kuvua Jumanne? Jumanne mchana nikaona gari la Thayne limeegeshwa. Nilishuka mbio. Nilikuta shimo, na mtaimbo ukingoni mwake, na kofia.

"Nikapiga simu polisi," nikasema. "Halafu, kabla hawajafika, nikaitundika."

Arvella akauondoa mtaimbo juu ya tundu. Punje zilikuwa bado shavuni.

"Simu ndiyo ilitangulia, au ndoo?"

"Simu. Naapa, dada. Simu."

Alinitazama kwa muda mrefu, nami niliona kwamba hana namna ya kujua kama nasema kweli, na kwamba hatakuwa nayo kamwe.

"Na yeye?" akauliza. "Alipima?"

"Alipima. Alama za mtaimbo zilikuwepo kila hatua tatu, tangu ukingoni mpaka shimoni. Niliziona mimi kabla watu hawajazikanyaga. Barafu ilikuwa nene, Vella, chuma kiligonga kikagoma. Theluji ilikuwa imejaa juu, ikameza mlio wa uwazi. Alifanya kila kitu sawasawa."

"Alipima," akasema. Akazitema punje kiganjani, akaziangalia. "Thayne wangu alipima." Kisha akalia kwa sauti, pale wazi, huku wavuvi wa ng'ambo wakigeuka kututazama. "Nimekutukana mwaka mzima, baba. Mwaka mzima, na wewe ulipima!"

Nilinyoosha mkono nimshike. Akausukuma, bila hasira, kama mtu anayeondoa tawi njiani.

Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa glovu, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Kesho naenda kaburini," akasema. "Wewe usije. Jumatatu utakwenda kwa polisi, uwaambie kama ulivyoniambia."

"Nitakwenda."

Akaushika mtaimbo, akaanza kurudi nchi kavu.

"Ni salama, dada," nikamwambia. "Lango halijaguswa tangu Oktoba."

Nimekuwa bawabu miaka kumi na tisa. Hakuna mtu bonde zima aliyewahi kupima barafu baada ya mimi kusema ni salama. Arvella hakugeuka. Alipiga hatua tatu, akagonga, akasikiliza. Akapiga nyingine tatu, akagonga. Nilimfuata nyuma na sleji na yule trauti mmoja, nikikanyaga palepale alipokanyaga, naye aligonga hivyo mpaka akafika kwenye mawe ya ukingoni.