Dakika Nne za Ginka

"Usikitazame hicho kidude, shangazi. Nitazame mimi," alisema Ralitsa huku akimbania Tsonka kipaza sauti kwenye kola ya sweta.

"Nitakutazamaje wewe na hicho kimenitolea jicho jekundu?"

"Jifanye hakipo."

"Mwanangu, vitu ninavyojifanya havipo hapa shuleni ni vingi. Nikikiongeza hicho nitachanganyikiwa."

Ralitsa alicheka, na kidogo Tsonka naye akacheka, akajiweka sawa kitini. Alikuwa amevaa sweta la bluu, lile la Pasaka na la mazishi, na ndoo na fagio ameviacha nje ya mlango wa maktaba kama mtu anayevua viatu vyenye tope. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisafisha shule hii. Alishafuta kila kiti cha maktaba hiyo, vya chini na vya juu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia keti. Leo binti wa miaka kumi na sita amemwambia, kwa sababu ya mradi wa somo la habari: kila mwanafunzi wa darasa la kumi amrekodi mtu mmoja wa mji wao na kazi yake. Wenzake walimkimbilia daktari, mkuu wa zimamoto, na mwanamume anayetengeneza mvinyo. Ralitsa alimchagua mfagizi, kwa kuwa bibi yake alimwambia kwamba hakuna aliyewahi kushona mikono ya mashati kama Tsonka.

"Basi tueleze, mkono wa shati unashonwaje?"

Hapo Tsonka aliisahau kamera. Vidole vyake viliinuka vyenyewe hewani. Alieleza kwamba mkono wa shati ni mkubwa kuliko tundu unaloingia, na hapo ndipo wanapoanguka wengi: wanauvuta, unafanya mikunjo begani, na shati linakuwa kama la kuazima. Mkono hauvutwi. Unaulisha kwa kidole gumba, kidogo kidogo, mpaka kitambaa chenyewe kinakubali. Ginka alikuwa anakaa kushoto kwake, anashona kola. Mashati yalitoka kwa Ginka yakaja kwake, miaka kumi na tisa, kutoka mkono hadi mkono, na walijuana hata kwa kukohoa.

"Na kwa nini uliacha?"

Tsonka alitazama dirishani, akatazama mikono yake, ikarudi mapajani.

"Hilo nalo unalitaka?"

"Kama wewe unataka kulisema."

Akalisema. Lilimchukua dakika nne, na katika miaka kumi na miwili hakuwahi kulisema lote kwa mpigo mmoja. Ilikuwa sikukuu ya herufi, tarehe ishirini na nne Mei, siku ambayo watoto wote huandamana na maua na bendi. Lakini kulikuwa na mzigo wa mashati wa kwenda nje, na kina mama waliambiwa waje kazini. Wasije wakachomoka kwenda kuwaona watoto wao wakipita, msimamizi akautia mlango mnyororo. Madirisha yalikuwa na nondo. Kisha akaondoka na ufunguo mfukoni, kwa sababu mtoto wake mwenyewe alikuwa kwenye maandamano.

"Pasi za mvuke zilikuwa zinawaka zote sita. Ginka akaniambia, Tsonka, kifua. Nikamlaza juu ya mashati. Tukaugonga mlango kwa vigoda, wanawake thelathini na mmoja. Bendi ilikuwa inapita barabarani. Sisi tulisikia kila ngoma. Sisi hatukusikika." Alijifuta macho kwa kiganja. "Daktari akaandika moyo. Ni kweli. Kila anayekufa moyo wake husimama. Mnyororo hakuuandika. Na Harizanov, mwenye kiwanda, alileta shada la maua kubwa kuliko jeneza."

Ralitsa alisahau kuzima kamera. Ilirekodi sauti ya mtu akivuta makamasi, na huyo hakuwa Tsonka.

*

Siku tano kabla ya sikukuu ya herufi, ambapo filamu zingeonyeshwa, Ralitsa alimfuata kwenye ujia, akamshika mkono wenye glavu ya mpira bila kumsalimu, akamvuta hadi chumba cha kompyuta. Kompyuta zilikuwa mpya, zimetoka kwenye maboksi mwezi uliopita pamoja na kamera, na kila moja ilikuwa na kibandiko kidogo chenye jina la kiwanda cha Harizanov.

"Nimeona uione kabla ya watu."

Tsonka alijiona kwenye kioo cha kompyuta, mnene kuliko alivyodhani, sweta limemkaa vizuri. Alijiona akilisha mkono wa shati hewani. Akasikia jina la Ginka mara moja, la kupita. Halafu, bila mlango wala mnyororo, akajiona akijifuta macho, na muziki wa kinanda ukaingia polepole, na sauti ya Ralitsa ikasema: "Hadi leo, shangazi Tsonka anaikumbuka kazi yake kiwandani kwa machozi." Ikafuata picha ya lango jipya la kiwanda, lenye maua.

Yaani machozi waliyaacha. Walichokata ni sababu. Wangeyakata yote angeelewa. Mtu akikuchukia anakufunga mdomo, basi. Lakini hawa walimchukulia chozi alilomlilia Ginka wakaenda kumpa Harizanov.

"Haya maneno nani kayaandika?"

"Mwalimu Mkuu. Alisema nisiposoma, filamu yangu haionyeshwi, na nitapata sifuri ya somo."

"Ukasoma."

"Nikasoma."

"Na umesoma vizuri, mwanangu. Hata sauti haikutetemeka."

Ralitsa alianza kulia. Tsonka hakumbembeleza. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya kibandiko, akatoka.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu Kamburova ilinukia kahawa na dawa ya sakafu, na dawa hiyo Tsonka ndiye aliyeipaka asubuhi.

"Tsonka wangu, keti."

"Nitasimama. Rudisha mlango."

"Mlango gani?"

"Mlango ulioukata kwenye filamu ya mtoto. Na kama huurudishi, nitoe na mimi. Mzima mzima. Sura yangu, sweta langu, machozi yangu."

Kamburova alifungua faili, akageuza karatasi upande wake. "Ulitia sahihi ya kuturuhusu kutumia picha. Hii hapa. Na kesi ya yule mama ilishaamuliwa, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Unataka niwakusanye wazazi, meya, na mtu aliyetuletea vifaa, halafu nimtukane kwa filamu ukutani akiwa mstari wa mbele? Siku ya watoto?"

"Hata Ginka alikufa siku ya watoto."

"Tsonka. Umebakiza miaka miwili ustaafu. Nakwambia kama rafiki."

Rafiki! Miaka kumi na mmoja huyu mama alikuwa anamwita "wewe wa ndoo" mbele ya wageni, leo amekuwa rafiki. Tsonka angeweza kusema mengi, na mengine yalikuwa matusi mazuri sana ya kiwandani, yaliyoshonwa na wanawake thelathini na mmoja. Hakuyasema. Alichukua kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu mezani, kwa mazoea, akakipeleka kukiosha, na alipokuwa anakiosha ndipo alipojua atafanya nini.

*

Slavi alikuwa na duka la majeneza nyuma ya posta, na yeye ndiye aliyechapa karatasi zote za marehemu za mji ule: picha, mstari mweusi pembeni, jina, na muda tangu afariki, siku arobaini, nusu mwaka, mwaka au miaka. Ziko kwenye kila mti, kila mlango, kila kituo cha basi. Hakuna anayepita bila kuzisoma, hata aliyechelewa, na hakuna anayezibandua. Zinaachiwa mvua.

"Miaka kumi na miwili tayari? Ginka huyu," alisema Slavi, akiitazama picha. "Haya, dada. Shairi namba tatu? Wengi wanapenda namba tatu. Lina malaika."

"Sitaki malaika. Andika ninavyokwambia."

Alimwambia. Slavi alichapa mistari miwili, kisha vidole vikasimama.

"Dada, hii si... Watu huwa wanaandika 'tunakukumbuka'."

"Si ndiyo ninamkumbuka? Kuna uongo hapo? Wewe ndiye uliyempima urefu, kaka Slavi. Uliona vidole vyetu vilivyochubuka kwa kugonga. Au uliona malaika?"

Slavi alijikuna kidevu. "Lazima pawe na jina la familia chini. Bila hivyo sibandiki hata ya mama yangu."

Tsonka akampa simu. Binti wa Ginka alikuwa Hispania, anatunza mzee wa watu, na sauti yake ilikuja na kelele za sufuria. Alisomewa yote. Sufuria zikanyamaza.

"Jina langu liweke la kwanza kabisa, kaka Slavi," alisema. "Kwa herufi kubwa."

Siku ya sikukuu Tsonka alifika shuleni saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa funguo zilikaa kwake. Alifagia ngazi. Alifunga utepe mwekundu mbele ya mlango wa ukumbi mpya wa filamu, ambao Harizanov angekuja kuufungua, kama alivyoagizwa, na fundo lake lilikuwa zuri. Kisha akachukua gundi ya unga wa ngano aliyoipika nyumbani, akainama chini ya utepe, akapaka mlango, akambandika Ginka katikati. Alimlainisha kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, asifanye mikunjo.

Saa tatu uwanja ulijaa. Watoto walikuwa na maua mekundu ya bustanini, mashati meupe, nywele zimelowa maji. Wazazi wa kwanza walifika mlangoni wakausogelea utepe, wakasimama, wakasoma. Waliofuata wakasoma. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume walivua kofia, na kila aliyemaliza alisogea pembeni akabaki hapo hapo, hivyo kundi likawa linakua na haliingii. Mama mmoja, aliyewahi kushona vifungo safu ya nyuma, alisoma mara mbili kisha akaja kusimama karibu na Tsonka.

Kamburova alikuja mbio kwa viatu vya visigino. "Bandua," alimnong'oneza Tsonka, meno yamekazana. "Bandua sasa hivi, anafika."

"Bandua wewe, Mwalimu Mkuu. Mikono unayo."

Kamburova aliuinua mkono. Watu wote wakautazama. Mama yake mwenyewe alikuwa bado kwenye mti wa pale nyumbani kwao, nusu mwaka, karatasi haijapauka. Mkono ulibaki hewani, halafu ukaenda kurekebisha nywele zake.

"Naona Jumatatu tutazungumza," alisema.

"Tutazungumza."

Harizanov alipanda ngazi akitabasamu, nywele nyeupe, mkasi mpya mkononi. Watu walimpisha. Aliona mstari mweusi na picha, na kabla hajatambua ni ya nani, kama mtu yeyote aliyezaliwa mji ule, alifanya ishara ya msalaba na kuanza kusoma midomo ikichezacheza.

*Miaka kumi na miwili bila Ginka Petkova, mshonaji wa kola. Alikufa siku kama ya leo nyuma ya mlango uliofungwa kwa mnyororo, bendi ikipita. Tuligonga. Mlango wa nani, mji unajua.*

Midomo iliacha kucheza. Alibaki anatazama mstari wa mwisho kama anayetafuta mwingine chini yake. Chini yake kulikuwa na jina la binti, kwa herufi kubwa, kisha la Tsonka, kisha majina thelathini ya wanawake waliogonga naye, na saba kati yao walikuwa pale uwanjani.

Tsonka alichukua sinia lake kutoka kwenye kidirisha. Alikuwa amechemsha ngano tangu jana, akaikausha juu ya kitambaa, akaichanganya na sukari na njugu za jozi zilizosagwa, akaigawa kwenye vikombe vidogo, kama anavyogawiwa kila mtu katika kumbukumbu ya marehemu. Ngano ya marehemu haikataliwi. Alimnyooshea kikombe cha kwanza, na mkono wa Harizanov ulikipokea kabla kichwa chake hakijafikiri.

"Ya Ginka," alisema Tsonka.

Anayepokea husema, Mungu amsamehe. Ni maneno mawili, hata mtoto wa chekechea anayajua. Watu walisubiri. Ralitsa alikuwa amesimama ngazi ya chini yao na kamera yenye kibandiko begani, taa nyekundu inawaka, na safari hii hakumwambia mtu yeyote atazame wapi.

Bendi ilikuwa imekata kona ya posta na ngoma zilianza kusikika. Harizanov alisimama mbele ya mlango, mkasi mkono mmoja, ngano mkono wa pili, na utepe ulikuwa bado mzima.