Mteremko na Kabati la Mkwe

"Mwambie mume wako mteremko unakuja," mama mkwe alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Mwambie mama macho ninayo," dereva akajibu.

Mkewe hakumwambia mtu. Alikuwa amelala fofofo pembeni yake, mdomo wazi. Tangu asubuhi alibeba maneno yao kama punda, na punda naye huchoka.

Dereva na mkwe hawakuwa wamesemezana tangu siku dereva aliporudi nyuma na tela akasaga vyungu vya waridi vya mkwe. Leo mama alikuwa anahamia kwao, na kwenye tela hilohilo lilifungwa kabati lake la vioo. Sharti alishalitoa: kioo kimoja kikipasuka, anarudi alikotoka. Naye mkewe alikuwa amemngoja mama yake kama mtoto.

Kileleni dereva alipunguza mwendo mpaka gari likatambaa, akaitoa gia kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, akaishusha hadi L, ile ya chini kabisa, akaondoa mguu kwenye breki. Injini ikanguruma.

"Baba, gari linalia nini?" Mkwe alikuwa amemsahau mjumbe wake.

"Halilii, mama. Linakataa kukimbia. Tela linatusukuma, injini inatushikilia."

"Na breki?"

"Nikizikalia njia nzima zitaungua. Nazigusa, naziacha zipumue."

Kwenye kona lori lilikuwa limesimama kando, magurudumu yakifuka moshi, dereva wake kashika kiuno. Harufu ya breki iliyoungua ikaingia dirishani. Mkwe aligeuza shingo mpaka lori likapotea.

"Za yule hazikupumua."

"Hazikupumua, mama."

"Kumbe kushuka unajua. Kurudi nyuma ndiko kulikokushinda."

"Hapo sina la kujitetea. Nitakupandia waridi jingine."

"Panda. Lakini hilo tela lako likae mbali."

Barabara ikanyooka bondeni. Hapo ndipo mkewe akazinduka, akafuta mdomo, akamtazama huyu na yule.

"Mlikuwa mnasema nini?"

Mkwe alikuwa anatazama nje kama mtu anayehesabu miti.

"Mwambie mume wako," alisema hatimaye, "aende hivyohivyo."

Kwenye kioo cha juu dereva alimwona akiuma mdomo asicheke. Akairudisha gia kwenye D. Nyuma yao, vioo vya kabati viligongana polepole, kama vikombe vinavyopangwa mezani kabla ya chai.