Transfoma ya Kilo Tisa

Mwaka wa 1975, katikati ya kiangazi, Pazi, fundi redio wa mtaa wa Mukendo, alikwenda kwa wachuuzi wa samaki mjini Musoma kuazima mizani. Hakuwa na samaki. Alikuwa na transfoma mbili zisizo na kibandiko, na transfoma ya namna hiyo huchaguliwa kwa uzito: palipo na chuma kingi na shaba nyingi, ndipo penye ustahimilivu.

Alikuwa akiiundia bendi ya vijana amplifaya ya gitaa, yenye vali mbili kubwa za kioo. Transfoma ndiyo ingeupokea umeme wa jenereta na kuupandisha hadi vali ziamke. Ikiwa ndogo, huchemka, hunuka lami, kisha huungua. Sherehe ya Saba Saba ilikuwa inakaribia kule Butiama, na Ndugu Renatus, katibu wa kamati ya sherehe, alikwisha kusema kwamba gitaa likinyamaza mbele ya wageni, Pazi atafunga kibanda na kwenda kulima pamba.

Transfoma ya kwanza, iliyotoka katika redio kuukuu, ilivuta kilo mbili. Ya pili, aliyoletewa na Renatus ndani ya gunia, ilivuta kilo tisa.

"Kamongo gani huyo asiye na mkia?" aliuliza mchuuzi.

"Haliwi huyu."

"Basi usinichafulie mizani."

Pazi alimwuliza Renatus transfoma hiyo ilikotoka.

"Ndugu fundi, ukipewa nyama huulizi jina la ng'ombe."

Pazi akaichagua ya kilo tisa.

Alipoijaribu na kuugusa uzi wa kwanza wa gitaa, maji yalitoka kwenye spika. Yalikuwa safi, ya baridi, nayo yalikatika sauti ilipokatika. Pazi alikagua maungio yote asione hitilafu. Transfoma ilikuwa vuguvugu, kama ipasavyo. Mkewe, Mwanaupe, alikinga sufuria.

"Baba Shani, piga tena. Hayatoshi wali."

Alipiga tena. Walipikia, wakanywa, wakajaza na mtungi.

Siku ya sherehe, wa kwanza kufika Butiama walikuwa watu wa kijiji kipya kilichokuwa kando ya barabara ya Bunda. Mwaka uliotangulia walihamishwa kutoka ufukweni Mugango, wakaahidiwa pampu, wakafungiwa. Walikuja na madebe, ingawa hakuna aliyewatangazia. Gitaa lilipoanza, walijipanga mbele ya spika. Bibi mmoja, Nyamburi, alionja funda moja.

"Haya ya kisima chetu," alisema. "Tulikuwaga tunafungua bomba tu. Mwezi wa tano wakaja watu, wakafungua kisanduku cha pampu, wakatoa chuma kizito, wakakitia guniani, wakasema wanakwenda kukitengeneza. Mpaka leo."

"Mama, maji ni ya umma," Renatus alimjibu, "na umma ndio huu. Makofi kwanza."

Bendi ilipiga baina ya hotuba tu. Aliyetaka maji alishangilia ili wimbo urudiwe. Nyamburi alishangilia hata viganja vikamwiva, na debe lake likafika nusu.

Pazi alimfuata Renatus nyuma ya jukwaa, bisibisi mkononi.

"Ndugu Katibu, irudi kwenye pampu."

"Na gitaa?"

"Nitatia ile ya redio."

"Itafika jioni?"

Ile ya kilo mbili ingeungua kabla ya jioni. Pazi alilijua hilo, na Renatus alilijua vilevile.

"Ifungue basi," Renatus alisema kwa upole. "Funguo za kibanda utaniletea kesho."

Skrubu zilizoishika transfoma zilikuwa nne. Pazi alizitazama, akamtazama Mwanaupe aliyekuwa akimpungia mkono kutoka kwenye umati, akaitia bisibisi mfukoni.

Nyamburi alikuwa akimngoja kando ya jukwaa.

"Wewe ndiye fundi? Lazima ulijaribu kwanza; maji ya siku hiyo yalikwenda wapi?"

"Tulipikia wali, mama. Tukanywa. Tukajaza mtungi."

"Maji ya mtungi huo ni yetu, utaturudishia. Hayo mengine ya kisima nitadai kwa kamati."

Alidai. Aliambiwa angoje. Bendi ilialikwa Bunda, kisha Musoma, na kijiji kizima kiliifuata kwa miguu, madebe kichwani. Watoto walikariri nyimbo zote. Katika hotuba yake ya Musoma Renatus aliwasifu watu wale kwa mapenzi yao ya muziki.

Juma lililofuata Pazi aliteka maji ziwani Mugango, akafunga madebe mawili kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka kijiji kipya. Pampu ilikuwa imesimama penye kisima, kisanduku chake kikiwa wazi, na mjusi amelala ndani. Nyamburi alitoa mtungi. Pazi alimimina debe la kwanza, akamimina la pili. Njiani yalikuwa yamemwagika kidogo.

Nyamburi aliinama akautazama ukingo.

"Bado kidole," alisema, akangoja.

Pazi akaitoa chupa yake ya maji ya kunywa njiani, akaizibua, akamimina yote.