Pikipiki Iliyokuwa Ikinguruma Uwanjani

Baba Sabaha hakuizima pikipiki. Aliiacha ikinguruma pembeni ya uwanja, akanijia mbiombio.

"Mwalimu Lusiana, nimemfuata mwanangu. Hii mishale yako itamtoboa mtu jicho."

"Karibu, Baba Sabaha. Mbona macho yako nayaona yote mawili?"

Hakucheka. Na mimi moyoni sikuwa nacheka. Kule Chiola, nilikofundisha kwanza, mzazi mmoja tu alimtoa mtoto wake, wengine wakafuata, nikabaki mwenyewe na pinde zangu. Hapa Nachingwea ndiyo kwanza nimepata watoto sita, na siku hiyo tulikuwa na wageni kutoka Ruangwa.

"Amalize huu mchezo," nikamwomba. "Halafu mchukue."

Mchezo wenyewe mwepesi. Magunia mawili ya korosho tumeyashindilia majani makavu, kila gunia na maputo yake. Timu inayomaliza kupasua ya kwake kwanza imeshinda. Mstari tumeuchora kwa majivu, na anayeuvuka kabla ya filimbi, awe mchezaji awe mshangiliaji, timu yake imefungwa.

Ruangwa walibakiza puto moja, na sisi moja. Upepo ukawa unayatikisa. Kassian wa Ruangwa akakosa.

"Huyu anawinda mawingu!" nikamtania, ila filimbi ilikuwa inaniteleza mkononi kwa jasho.

Zamu ya Sabaha. Baba yake, aliyekuwa akienda kwenye pikipiki na kurudi, akaja kusimama karibu.

"Shusha kidogo. Shusha! Kulia!"

Sabaha akavuta uzi mpaka kidevuni.

"Hapa, mwanangu, hapa!" Mtu mzima akauruka mstari, akakimbia mpaka kwenye gunia, akaweka kidole kwenye puto.

Nilipuliza filimbi, haikutoa sauti.

Sabaha hakuachia. Aliurudisha uzi polepole, kama tulivyofanya mazoezi, akauelekeza mshale chini.

"Baba, rudi nyuma ya mstari. Umetufungisha."

Ruangwa wakalipuka kwa shangwe. Baba Sabaha akautazama ule mshale, akajipapasa jicho. Kisha akaelekea kwenye pikipiki. Nikajua basi, yaleyale ya Chiola.

Akaizima.

"Rudieni," akasema, akichuchumaa nyuma ya majivu. "Na yule wa mawingu ndiye aanze."